Mwavita Aikataa Lenzi Kubwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajanywa uji, Mwavita alitandika kitenge safi juu ya meza na kuisafisha kamera ya mama yake. Alipuliza vumbi kwa kipira kidogo, akafuta kioo kwa kitambaa laini, akahakikisha betri zimejaa. Kanyosha, mtaa wa kusini mwa Bujumbura walikoishi, vumbi halina adabu. Linaingia kwenye sukari, linaingia kitandani, na ukilipa nafasi litaingia ndani ya kamera na kukaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Mama yake aliitwa Irène, lakini mtaani kila mtu alimwita Mama Jordan, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mpiga picha wa sherehe: ubatizo, arusi, na zaidi ya yote sherehe za mahari, ambazo watu wa Bujumbura huziita dote. Kamera yake ilikuwa ile nyeusi kubwa ambayo lenzi yake huchomolewa na kuwekwa nyingine. Kwa kamera hiyo aliwalisha watoto wake wawili tangu walipovuka mpaka kutoka Uvira, Mwavita akiwa bado mgongoni.

Lakini Jumamosi moja hapakuwa na furaha mezani. Siku chache kabla, kwenye ubatizo huko Carama, mtu alisukuma kiti, kiti kikaangusha begi, na lenzi ya zumu ikajigonga kwenye saruji. Zumu ni lenzi unayoizungusha ikavuta kitu cha mbali kikawa karibu, au ikafungua picha ikawa pana, na wewe umesimama palepale. Sasa pete yake ilikuwa imekwama kwenye upana, haizunguki tena, na ukingo mmoja wa kila picha ulitoka na ukungu. Iliyobaki nzima ilikuwa lenzi moja fupi isiyovuta wala kufungua.

Na dote kubwa ilikuwa inakaribia, huko Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Aliyemwajiri Mama Jordan ni Candide, shangazi wa bibi arusi, mwanamke wa ofisini mwenye sauti ya kuamrisha. Habari za ajali zilimfikia upesi, akapiga simu.

"Mama Jordan, nasikia objektifu yako imekufa," alisema. Objektifu ndilo jina ambalo watu wa mji ule huiita lenzi. "Mi nakuambia mapema. Upande wa bwana wanamuleta mupiga picha Régis. Kama huna kitu ya maana, Régis atapiga pande zote mbili."

"Nitakuwa nayo, Mama Candide," alijibu Mama Jordan.

Angekuwa nayo kweli, kwa sababu zamu yake katika kikundi cha akina mama ilikuwa imefika. Kila mmoja huchanga na mmoja hupokea, na safari hii mpokeaji alikuwa yeye. Pesa zile zilitosha lenzi moja. Wakikosea kuchagua, hakuna ya pili, na kazi za dote zingehamia kwa Régis moja kwa moja, maana wenye sherehe huambizana.

"Mama, tununue kama ya Régis," alisema Jordan walipokaa kula. Jordan alikuwa kijana aliyemaliza shule, aliyembebea mama yake taa na kujifunza kazi. "Ile ya mia tatu. Ukiinyanyua tu, watu wanajua mupiga picha amefika."

Lenzi huandikwa namba, na namba ikiwa kubwa lenzi huvuta mbali zaidi. Ya Régis ilianza sabini na tano ikaishia mia tatu. Ilikuwa ndefu kama chupa ya bia, na Régis akipita nayo watu walimpisha kama anayepita ni waziri. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kirefu ndicho bora, lakini somo hilo walilishika vizuri.

"Mi sitaki ile," alisema Mwavita.

"Nani amekuuliza, we mutoto?"

Hapo mori ukampanda. Mwavita alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakujua kubisha polepole. Alisukuma sahani. Alisema lenzi ile inakata watu. Alisema kwenye arusi ya binamu yao, mpiga picha mwenye lenzi ya namna hiyo alimkata koko, yaani bibi yao, katika kila picha, kwa sababu tu alikaa mwisho wa benchi. Koko alikuwepo siku nzima, lakini ukitazama picha utasema hakuja. Alisema Jordan hataki kupiga picha, anataka kutazamwa. Alisema wakiinunua yeye habebi begi tena, hata kidogo, na kila neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia.

"Toka nje," alisema mama yake. "Ukipoa utarudi. Jordan ndiye mukubwa, Jordan ataenda mujini."

Mwavita akatoka. Hasira yake haikupoa, na mimi simlaumu. Lakini alipokaa pale kwenye ngazi ya mlango, akikwaruza udongo kwa kidole cha mguu, alijiuliza swali ambalo hasira ilikuwa imelificha. Kwa nini lenzi ile inakata watu? Akijua hilo, labda hatahitaji kupiga kelele.

Akaanza kufikiri jinsi dote inavyokuwa. Familia mbili hukaa zikitazamana, kila moja chini ya hema lake. Katikati huachwa wazi. Msemaji wa upande huu husimama na kutupa maneno, msemaji wa upande ule huyadaka na kuyarudisha, na wakati maneno yanavuka hapo katikati, hakuna anayepita. Kupita ni kuyakata maneno ya wakubwa. Huwezi pia kuwaambia wazee wasogee au wabanane, kwa sababu kila mmoja amekalishwa mahali pa heshima yake. Mpiga picha husimama pembeni, kwenye kiwanja cha nyumba ambacho mara nyingi si kikubwa, na mahali hapo ndipo anatakiwa apate kila kitu. Lenzi inayovuta tu huwakata walio pembeni.

"Basi ni kuwaonyesha," alijiambia, na akaenda mwenyewe kwa Régis.

Régis alikuwa akiosha pikipiki yake. Alimsikiliza Mwavita hadi mwisho, kisha akacheka hadi akaweka kitambaa chini.

"Unataka nikuazime objektifu yangu ili uonyeshe kwamba iko mubaya?"

"Ndiyo. Kama iko nzuri, watu wote wataona."

Régis alipenda sifa kuliko alivyopenda usingizi, kwa hiyo akakubali. Kamera yake na ya Mama Jordan zilikuwa za aina moja, na lenzi zao ziliingiliana. Alisema ataileta mwenyewe Jumapili.

Jumapili baada ya misa, Mwavita aliomba mabenchi kwa majirani, akayapanga uani kwao safu mbili zinazotazamana, akaacha katikati wazi. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba watu wa kukaa. Watu wa Kanyosha hawaikosi sherehe hata ikiwa ya kuigiza. Walijaa upande wa bibi arusi, wakajaa upande wa bwana. Chanelle, rafiki yake wa darasani, alifanywa bibi arusi. Mzee Bonfils, karani aliyestaafu, alipewa kazi ya msemaji, na alipoisikia alirudi nyumbani kwanza kubadilisha shati.

Jordan alitazama mambo yale akiwa amefunga mikono kifuani. Mama yao alitoka jikoni, akasimama mlangoni. Hakuwafukuza.

"Sheria iko moja," alisema Mwavita. "Hakuna kuingia katikati, na hakuna kusogeza watu. Yaya, chukua objektifu ya Régis. Piga benchi yote ya kule, tangu mwanzo hadi mwisho."

Jordan, ambaye Mwavita humwita yaya kwa kuwa ni kaka yake mkubwa, aliifunga lenzi ndefu, akainua kamera. Aliona vichwa viwili na bega. Akarudi nyuma, akaona vichwa vitatu. Akarudi tena hadi mgongo ukagusa ukuta, na bado nusu ya benchi ilikuwa nje ya picha. Akafungua lango, akatoka barabarani huku jicho lake moja likiwa kwenye kamera, na mwenye baiskeli ya kubeba abiria akampigia kengele na kumwuliza kama amechoka kuishi. Uani watu wote walicheka. Alipofika ng'ambo ya barabara, benchi lote likaingia, lakini nguzo ya lango ilikuwa imemfunika mtu wa mwisho.

Mwavita hakucheka. Alichukua kamera, akaifunga ile lenzi yao iliyovunjika, iliyokwama kwenye upana. Namba yake pale ilipokwama ilikuwa kumi na nane. Akasimama pembeni, mahali mama yake husimama siku zote, akabonyeza.

"Iko na ukungu hapa," alisema Jordan alipoitazama picha.

"Najua, imeanguka. Lakini hesabu watu."

Jordan akahesabu kwa kidole. Hakukosekana mtu.

"Bon," alisema Régis, "lakini objektifu yangu iko na kazi yake. Hii ya kwenu ifanye uso wa bibi arusi, tuone."

Hakuwa amekosea. Mwavita alirudisha lenzi ndefu, akamwomba Chanelle amletee Mzee Bonfils kibuyu kwa mikono miwili, kama bibi arusi anavyofanya. Akazungusha pete hadi mikono, kibuyu na nyuso zote mbili zikajaa kwenye picha. Ilikuwa picha nzuri sana. Unyenyekevu wa Chanelle ulikuwa wa kuigiza, lakini kwenye kioo ulionekana wa kweli kabisa.

"Hii iko muzuri," alisema Mwavita. "Siwezi kudanganya. Yaya, soma namba, pete imesimama wapi?"

"Mia na thelathini na tano."

"Sasa vuta mpaka mia tatu."

Jordan akapokea kamera, akavuta. Kibuyu kikatoka, mikono ikatoka, Chanelle akatoka. Ikabaki sura ya Mzee Bonfils peke yake, na mdomo wake wazi akisubiri kunywa.

"Basi hiyo mia tatu tunainunua ya nini?" aliuliza Mwavita. Safari hii sauti yake ilikuwa ya kawaida, na kwa sababu hiyo kila mtu alimsikia.

Jordan alifikiri. Hakuwa mjinga, na wazo lake lilikuwa zito. "Tununue ile ndefu. Hii yenye kuvunjika ibaki ya kupiga upana. Tutakuwa tunabadilisha."

Mama alitingisha kichwa taratibu kukubali. Hilo Mwavita hakuwa amelifikiria. Angeweza kuanza tena kelele, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini akayameza.

"Sawa," alisema. "Tujaribu. Muzee Bonfils, endelea na maneno yako. Yaya atapiga watu wote, halafu atapiga kibuyu."

Mzee Bonfils akasimama na kuanza kuusifu ukoo ambao hakuujua. Jordan akapiga benchi lote. Chanelle akainuka na kibuyu. Jordan akachomoa lenzi pana, akaibana kwapani, akashika kifuniko kwa meno, akatafuta alama ya kufungia ile ndefu, na upepo ukapita uani na vumbi lake. Alipoinua kamera, Mzee Bonfils alikuwa amekwisha kunywa, amefuta masharubu na kukaa.

"Nimekosa," alisema Jordan mwenyewe. "Na vumbi imeingia ndani."

Mama Jordan akashuka ngazi. "Kwa hiyo tunataka moja yenye kuanza hapa kwenye upana, kumi na nane," alisema, "na kufika hapo kwenye kibuyu, mia na thelathini na tano. Bila kuchomoa. Iko?"

"Iko," alijibu Régis, akiipangusa lenzi yake. "Lakini ni fupi, Mama Jordan. Haina sura."

"Kwani tunaipiga picha objektifu?" aliuliza Mwavita.

Mzee Bonfils alicheka hadi akakohoa. Mama hakucheka, ila alimtazama binti yake, kisha akamwambia Jordan kwamba mjini wataenda wawili.

Walikwenda Jumatano mchana baada ya shule. Mafuta yalikuwa haba tena na mabasi yalikuwa yamepanga foleni vituoni bila kutembea, kwa hiyo walikwenda kwa miguu. Duka la Anouar lilikuwa katikati ya mji, chumba chembamba kilichojaa simu, redio na kamera zilizokwisha kutumika ng'ambo. Anouar alikuwa mtu wa maneno matamu, na aliwapima kwa jicho mara moja. Akamwacha Mwavita, akamgeukia Jordan.

"Kijana wangu, karibu. Objektifu? Nikuonyeshe ya kiume." Akaweka juu ya kioo lenzi ndefu kama ya Régis. "Walahi, hii bei rahisi kuliko zote. Na ukubwa wake unaona mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Bei yake ilikuwa chini sana. Jordan akainyanyua, na mkono wake ukaonekana kuipenda. Mwavita alimwona akijitazama kwenye kioo cha kabati, lenzi mbele ya kifua.

"Rahisi ya kitu hatutumii," alisema, "si rahisi."

Jordan alivuta pumzi, akairudisha juu ya kioo. Wakataja namba walizozitaka. Anouar akasema anayo, tena anayo na nyingine inayoanza kumi na nane ikafika mia tatu, kila kitu ndani ya moja, lakini bei yake ilizidi pesa zote walizobeba. Akatoa basi ile waliyoitaka. Ilikuwa fupi, nene, haina mbwembwe, na pembeni ilikuwa na kitufe kidogo cha kutuliza picha mkono unapotikisika.

"Chukueni, inshallah itawaletea baraka."

"Tuiangalie kwanza," alisema Mwavita.

"Mutoto, umenunua objektifu ngapi maishani?"

"Hakuna. Hii ndiyo ya kwanza, na hatuna ya pili."

Akawasha taa ya simu ya Jordan, akaangaza ndani ya kioo kutoka nyuma, kama mama yake alivyomfundisha. Ndani kabisa palikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zilizotambaa pembeni. Ni kuvu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyokaa kwenye unyevu, na haifutiki kwa kitambaa.

"Hii iko na ugonjwa," alisema.

"Hiyo haionekani kwenye picha."

"Leo haionekani. Mwakani itaonekana."

Anouar akasema mtoto wa kike hatakiwi kuwa hivi, atakosa mume. Mwavita akasema hajaja kutafuta mume, amekuja kutafuta lenzi. Jordan, ambaye nyumbani angemwambia anyamaze, aliegemea kabati na kusema, "Tutasubiri." Anouar akaenda nyuma ya pazia akinung'unika, akarudi na nyingine ya namna ileile. Hiyo ilikuwa na mkwaruzo mweusi kwenye mwili, lakini ndani ilikuwa safi. Mwavita akaizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho, haikukwama. Akaielekeza chini, pete haikuteleza yenyewe. Akaifunga kwenye kamera yao, akapiga picha ya duka zima, kisha bila kusogea akavuta hadi herufi za redio iliyokuwa juu ya rafu ya mwisho zikasomeka.

"Muizoee," alisema Anouar, sasa kwa sauti ya mtu wa biashara anayeheshimu mnunuzi. "Kwenye giza, kama kanisani jioni, itachoka. Huko mutumie objektifu fupi isiyovuta, kama munayo."

"Ahsante, baba," alisema Mwavita. "Hilo ndilo neno la kweli umetuambia leo." Anouar akacheka, akapunguza bei kidogo.

Siku ya dote ikafika. Kiwanja cha nyumba ya Mutanga Sud kilikuwa kizuri lakini chembamba, na mahema mawili yalikuwa yameacha nafasi ndogo pembeni. Candide alimpokea Mama Jordan mlangoni, akaitazama kamera, akakunja uso.

"Ni hii?" alisema. "Ya Régis iko mara tatu ya hii."

"Ni hii, Mama Candide."

"Tutaona. Mi sipendi aibu mbele ya wakwe."

Sherehe ikaanza. Mama Jordan akachagua mahali pake pembeni ya hema la bibi arusi, Jordan akishika taa, Mwavita akiwa na begi. Wasemaji wakasimama, maneno yakaanza kuvuka. Mama Jordan hakuhama. Alizungusha pete kushoto akapata familia yote ya wakwe, akazungusha kulia akapata jicho la baba mkwe likimetameta kwa mzaha. Ng'ambo, Régis alikuwa na shida. Alirudi nyuma hadi kwenye masufuria ya wapishi, akafukuzwa. Akapanda juu ya kiti, kikayumba. Lakini alikuwa anatembea, na kutembea kunaonekana kama kazi.

Candide akaja nyuma ya Mama Jordan, akanong'ona kwa ukali. "Mbona umesimama kama mulingoti? Mwenzio anatafuta picha. Ingia pale katikati, upige watu wetu kwa mbele."

"Apana, mama."

"Nimesema ingia."

"Nimekusikia," alisema Mama Jordan, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Muzee wenu anaongea. Mi siwezi kupita katikati ya maneno yake. Picha ya watu wenu kwa mbele nitaipata akikaa, nitazunguka nyuma ya hema. Kama hutaki, chukua Régis."

Mwavita aliganda. Hakuwahi kumsikia mama yake akimjibu mteja hivyo. Candide alifungua mdomo, lakini kabla hajasema lolote, Régis aliyekuwa amekata tamaa aliingia katikati, akapiga goti, akaelekeza chupa yake ndefu kwa wazee wa bibi arusi.

Msemaji wa upande wa bibi arusi akanyamaza.

"Wakwe zetu," alisema mzee yule polepole, "mumekuja kuomba binti, tumewapokea vizuri. Sasa mumetuma kijana na bunduki katikati ya maneno yangu. Hiyo ni faini. Kreti ya Fanta, na iwe baridi."

Watu wakaangua kicheko, upande wa bwana wakaomba radhi, Fanta ikaletwa. Mambo ya dote huendeshwa kwa utani, na faini hiyo ilikuwa ya kawaida. Lakini Régis alirudi pembeni masikio yakimwaka, na shangazi wa bwana akamwambia asisogee tena. Candide aliondoka nyuma ya Mama Jordan, akaenda kukaa.

Bibi arusi alipotoka, hakuna aliyeweza kumkaribia. Alipita na kibuyu, akapiga goti mbele ya baba mkwe, akakiinua kwa mikono miwili. Mama Jordan akazungusha pete mara moja, akabonyeza. Kisha msemaji akakaa, naye Mama Jordan akazunguka nyuma ya mahema hadi upande wa wakwe, akafungua lenzi hadi mwisho wa upana, na familia ya bibi arusi ikaingia yote kama ilivyokalishwa.

Siku mbili baadaye Candide alikuja Kanyosha kuona picha. Alikaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, mkoba magotini, tayari kulalamika. Aliona kibuyu na mikono ile, akasogea. Aliona familia yake. Alianza kutaja majina kwa kidole, na kidole kilipofika ukingoni kikasimama.

"Huyu ni mujomba wangu wa Carama," alisema. "Hata huyu umemupata. Wakwe wamenionyesha za Régis kwa simu, pale sioni mutu zaidi ya wanne." Akamgeukia Jordan. "We kijana umechagua vizuri. Mama yako ana bahati kuwa na mutoto mwanaume wa kumusaidia."

Jordan angeweza kusema ahsante na mambo yakaisha. Candide alikuwa amekwisha kufungua mkoba, na sifa zilikuwa zimewekwa mbele yake bila jasho. Mwavita alikuwa amesimama karibu na mlango, akimtazama.

"Si mimi," alisema Jordan. "Mi nilitaka kubwa. Nilimucheka. Ni huyu amekataa, peke yake, na sisi wote tulikuwa tunamukataza."

Candide alimtazama Mwavita kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Kichwa ngumu," alisema, lakini hakusema vibaya. Alilipa kilichobaki, na kabla ya kuondoka aliuliza kama Mama Jordan ana nafasi kwenye arusi yenyewe.

Alipokwisha kwenda, mama aliwaita wote wawili.

"Jordan," alisema, "kusema mbele ya mugeni kwamba ulikosea, hiyo ni kazi ya mutu mukubwa. Leo nimekuona mukubwa. Na kuanzia leo ujue, chombo cha kazi hakichaguliwi kwa vile watu watakutazama. Kinachaguliwa kwa kazi iliyo mbele yako." Akamgeukia Mwavita. "Na wewe. Siku ile mezani ulikuwa na haki, na bado nikakutoa nje, kwa sababu nilisikia makelele tu. Siku ya mabenchi ulituonyesha, tukaona. Usiache kubisha, mwanangu. Watu watakuambia mara nyingi kwamba kitu kikubwa ndicho cha maana, na mwenye umri ndiye anajua. Ukiona si kweli, bisha. Lakini njoo na kitu cha kuonyesha."

Mwavita aliinamisha kichwa kwa heshima, kama inavyotakiwa. Kisha akakiinua.

"Mama, nimesikia," alisema. "Lakini hata siku ile mezani, mungeweza kuniuliza kwa nini."

Jordan alimkanyaga mguu kumwonya. Mama yao alimtazama msichana yule aliyemleta mgongoni kutoka ng'ambo ya mpaka, na ambaye hata baada ya kushinda hakuwa tayari kunyamaza.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Tungeweza kukuuliza."